Chukudu ya watu kumi: kabla ya pedale, tengeneza freni

Marafiki kumi wanaweza kutengeneza gari moja la kukanyaga kwa miguu, wapande wote pamoja, wakasindikize maarusi ao wazunguke kijiji siku ya Bonane? Jibu ni ndiyo. Katika nchi zingine magari ya namna hiyo yako, na mafundi wa Kivu ya Kaskazini wako na ujuzi wa kuyatengeneza, juu chukudu waliitengeneza wenyewe bila kiwanda. Lakini kwa milima ya Kashebere, pale Masisi na Walikale zinakutana, kazi ngumu iko kwenye mteremko. Kundi la vijana ambalo linaanza na pedale na kuacha freni kwa mwisho linaweza kumaliza feti kwenye hospitali.

Makala haya yanaeleza namna gari hilo linafanya kazi, hesabu gani zinahitajika, na mambo gani marafiki wanapaswa kupatana mbele ya kukata mti wa kwanza.

CHUKUDU INAFUNDISHA NINI

Chukudu ilianza kuonekana katika Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, maisha ilipokuwa inaanza kuwa ngumu na magari machache. Iko na magurudumu mawili ya mti, yamefungwa na mpira wa gari uliochakaa ili yasipasuke kwa mawe. Mara nyingi mti wake ni mkaratusi. Mwendeshaji anapiga goti moja juu ya ubao, na mguu mwingine unasukuma chini. Kwa kupanda, anashuka na kusukuma. Kwa kuteremka, uzito wenyewe njo unaendesha.

Kwa chombo hiki, mtu mmoja anabeba mifuko ya makala, viazi, kabichi ao mbau, mizigo ya mamia ya kilo. Wakati wa vita, wakimbizi wamebeba juu yake magodoro, masufuria na wazee wasioweza kutembea. Njo maana mji wa Goma uliipa sanamu kubwa yenye rangi ya dhahabu, kwenye mzunguko wa barabara ambao kila mtu anauita Rond-point Tshukudu.

Kuna mambo matatu ambayo fundi wa chukudu anajua na ambayo gari la watu kumi haliwezi kusahau. La kwanza: kila kipande kinatengenezwa tena pale pale kijijini, kwa panga, shoka na misumari. La pili: mzigo unakaa chini, karibu na udongo, ili chombo kisipinduke. La tatu: freni ni kipande cha mpira ambacho mguu unakandamiza juu ya gurudumu la nyuma, na mwendeshaji anaiangalia kila asubuhi mbele ya kutoka.

Chukudu haina pedale, na hiyo si ujinga wa fundi. Shene, pinyo na rulma zinanunuliwa kwa pesa. Mguu hauombi pesa. Hata huko Ulaya mambo yalianza hivyo. Mwaka wa 1817, Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili, ambacho mtu alikaa juu yake na kusukuma udongo kwa miguu. Pedale zilikuja Ufaransa katika miaka ya 1860, zaidi ya miaka 40 nyuma yake.

WENGINE WALIFANYA NAMNA GANI

Kuna magari mawili ya watu wengi ambayo yamejulikana sana. La kwanza ni la msanii Mmarekani Eric Staller: watu saba wanakaa kwa mzunguko, wanaangaliana, wote wanakanyaga, lakini mmoja tu njo anashika usukani. La pili lilianza Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1990. Hilo ni sawa meza ndefu ya baa iliyowekwa juu ya magurudumu manne. Watu wanakaa pande mbili za meza, chini ya kila kiti kuna pedale, na vinywaji viko katikati. Mwendeshaji anakaa mbele, hakanyagi na hapaswi kunywa.

Gari hilo la Uholanzi lilileta furaha, kisha likaleta malalamiko. Mwaka wa 2012, mahakama kuu ya utawala ya Ujerumani, mjini Leipzig, ilisema kwamba chombo cha namna hiyo ni feti inayotembea barabarani kuliko usafiri, na kwa hiyo kinahitaji ruhusa ya pekee. Mwaka wa 2017, mji wa Amsterdam ulilikataza katikati ya mji juu ya kelele na ulevi wa watu waliokuwa wanapanda.

Uholanzi ni tambarare na barabara zake ni za lami. Karibu haina milima. Kwa hiyo mtu ambaye anachukua mfano wao sawa ulivyo na kuuleta kwa barabara ya udongo ya Masisi, anachukua nusu tu ya kazi. Nusu ingine inabaki kwake.

NGUVU YA MIGUU ISHIRINI

Watu wengi wanafikiri: mtu mmoja anasukuma chukudu yenye mzigo mkubwa, basi watu kumi watapanda mlima bila shida. Hesabu inaonyesha mambo mengine.

Mtu mzima wa kawaida, akikanyaga pedale kwa muda mrefu bila kuchoka haraka, anatoa nguvu ya wati 75 hivi. Watu kumi wanatoa wati 750. Hiyo ni karibu nguvu ya farasi mmoja tu. Pikipiki ya 125 ambayo inabeba abiria wawili iko na nguvu karibu mara kumi ya hiyo.

Sasa uzito. Watu kumi wenye kilo 60 kila mmoja ni kilo 600. Gari la mbau na vyuma, ukilitengeneza vizuri, ni kilo 300 hivi. Jumla kilo 900. Kwa barabara ya udongo mkavu na iliyo sawa, watu hao kumi wanaweza kutembeza gari kilometa 7 ao 8 kwa saa, mbio kidogo kuliko mtu anayetembea kwa haraka. Kwa mpando mdogo, ule ambao kila mita 20 za njia unapanda mita 1, wataenda polepole sawa mama mwenye mzigo mgongoni. Kwa mpando wa mita 1 kila mita 10, jasho litatoka na gari litakaribia kusimama. Pale inafaa wote washuke na kusukuma, sawa wenye chukudu wanavyofanya.

Na mvua ikinyesha? Matope yanakula nguvu yote. Kwa barabara ambayo magari makubwa yenyewe yanalala siku nyingi, gari la pedale libaki nyumbani.

Kuna namna rahisi ya kupima mpando mbele ya kuchagua njia. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, uuweke juu ya barabara kwa kufuata mteremko, na juu yake ulaze chupa yenye maji nusu. Inua upande wa chini mpaka maji yawe sawa ndani ya chupa. Pima nafasi kati ya ubao na udongo upande ule ulioinua. Sentimita 10 maana yake mpando ni mita 1 kila mita 20. Sentimita 20 maana yake ni mita 1 kila mita 10. Vijana wakipita na ubao huo kutoka kanisa mpaka soko, watajua kwa siku moja wapi gari linaweza kupita na wapi haliwezi.

KUSHUKA NJO KUNAUA

Sasa tufikirie gari hilo la kilo 900 juu ya mteremko wa mita 1 kila mita 10, na freni imekatika. Nyuma ya mita 100 tu, linaweza kuwa linakimbia zaidi ya kilometa 40 kwa saa. Kwa mbio hiyo, hakuna mguu wa mtu ambao unaweza kulisimamisha. Anayejaribu kuruka anaanguka, na anayebaki anaenda nalo mpaka kwenye shimo.

Tena, pedale hazisaidii kusimamisha. Kwa gari zuri, kila kiti kiko na pinyo ya kuzunguka bure, ile ambayo inafanya «tik-tik-tik» kwa gurudumu la nyuma la kinga wakati umeacha kukanyaga. Bila hiyo, mtu mmoja akichoka, wengine tisa watamzungushia pedale kwa nguvu na kumvunja mguu. Lakini pinyo hiyo hiyo inafanya kwamba ukikanyaga kinyumenyume, gari halisikii chochote.

Ule mpira wa freni ya chukudu unatosha kwa mtu mmoja ambaye anajua njia yake na ambaye maisha yake peke yake iko hatarini. Kwa watu kumi, mpira unapata moto, unalainika na kuteleza. Njo maana inafaa freni mbili ambazo hazitegemeane: moja ya tambur kwa magurudumu ya nyuma, iliyotolewa kwenye gari kuukuu, na ingine ya mkono, yenye waya wake pekee. Ya kwanza ikikataa, ya pili inabaki. Na mbele ya abiria kupanda ao kushuka, kijana mmoja anaweka kale ya mti kwenye gurudumu, upande wa mteremko, sawa wasaidizi wa magari makubwa wanavyofanya.

KADRE, MAGURUDUMU NA SHENE

Kadre inaweza kuwa ya mti. Mkaratusi uliokaushwa vizuri unabeba uzito mkubwa. Mti mbichi unajikunja ukikauka, na pale shene zote zinatoka kwa mstari. Kwa hiyo mbau zikatwe mapema, zilazwe chini ya kivuli, zikauke kwanza. Mahali pa rulma na pedale panahitaji chuma, na hapo fundi wa kusudere anaingia.

Magurudumu ya kinga hayafai. Kinga inapokata kona inalala upande, na uzito unabaki kushuka sawasawa juu ya spoki. Gari la magurudumu manne halilali. Kwa kona, uzito unasukuma gurudumu kwa upande, na spoki zinajikunja. Magurudumu ya gari dogo ni mazito, lakini yanavumilia. Upana kati ya gurudumu la kushoto na la kuume usipungue mita moja na nusu, na viti visiwe juu sana. Mtu aliyekaa juu sawa kwenye kiti cha baa anafanya gari lipinduke kwenye barabara iliyoinama upande mmoja.

Kuhusu nguvu kufika kwa magurudumu, kuna njia mbili. Njia rahisi: shene za viti vyote zinazungusha chuma kimoja kirefu katikati, na chuma hicho kinazungusha gurudumu moja tu la nyuma. La pili linazunguka bure. Ukifunga yote mawili pamoja kwa chuma kimoja, gari litakataa kukata kona, juu gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Njia ya pili ni kutumia ekseli nzima ya nyuma ya gari kuukuu, pamoja na diferansieli yake na freni zake. Inapunguza kazi ya freni, lakini inaongeza uzito.

Hesabu ya meno ya pinyo njo inashinda mafundi wengi. Kwa kinga ya kawaida, pinyo ya mbele iko na meno mengi, mara mbili na zaidi kuliko ya nyuma, juu mtu mmoja anataka mbio. Kwa gari la kilo 900, hiyo ni nzito sana. Kwa gurudumu lenye upana wa sentimita 60, linapozunguka mara moja gari linatembea karibu mita 1 na sentimita 90. Kama meno ya mbele na ya nyuma ni sawa, na watu wanakanyaga mara moja kwa sekunde, gari litaenda kilometa 7 kwa saa. Hiyo inatosha kwa feti. Kwa kupanda, inafaa pinyo ya nyuma yenye meno mara mbili. Lakini kwa ekseli ya gari hesabu inabadilika: kwa magari mengi, chuma cha katikati kinazunguka karibu mara nne ili gurudumu lizunguke mara moja. Fundi azungushe kwa mkono, ahesabu, kisha achague pinyo.

MAJARIBIO BILA WATU

Siku gari linamalizika, kila mtu anataka kupanda. Pale mkubwa wa kundi anapaswa kukataa. Jaribio la kwanza linafanyika na mifuko ya mchanga, kilo 600, iliyofungwa kwenye viti. Gari linapelekwa kwa mteremko mfupi ambao chini yake kuna uwanja wazi, si mto wala nyumba, na kamba ndefu imeshikwa na vijana nyuma. Mwendeshaji peke yake anashuka polepole na kufunga freni ya kwanza. Kisha freni ya pili peke yake. Wanaweka alama ya mti pale gari liliposimama, wanarudia mara tatu. Kama mara ya tatu gari limesimama mbali kuliko mara ya kwanza, freni zinapata moto, na gari halijakuwa tayari.

Mtu wa kwanza kupanda anapanda kwenye uwanja wa mpira. Nyuma ya hapo watu wanne. Kumi wanakuja mwisho.

PESA NA MAPATANO

Makundi mengi ya marafiki hayavunjiki kwa sababu ya shene, yanavunjika kwa sababu ya pesa. Chukudu ya kawaida inalisha jamaa kila siku. Gari la feti linafanya kazi siku chache kwa mwaka: Noeli, Bonane, tarehe 30 Juni, ndoa ya mtu. Siku zingine linakaa chini ya turubai, na mpira unaoza.

Kwa hiyo wazo zuri ni kutengeneza viti vinavyotoka. Siku ya soko, viti vinaondolewa na gari linabeba mihogo, ndizi ao mbau kwenye sehemu ya barabara iliyo sawa, watu wachache wakikanyaga. Siku ya feti, viti vinarudishwa. Pale gari linaweza kurudisha polepole pesa iliyokula.

Wale ambao wanazoea likelemba wanajua kwamba mchango usioandikwa unaleta ugomvi. Inafaa karatasi moja, hata ya daftari la mtoto, yenye mambo haya: kila mmoja ametoa nini, iwe pesa, mti ao siku za kazi, nani anashika ufunguo wa freni, pesa ya kila safari inagawanywa namna gani, na kiasi gani kinabaki kwa rulma na mpira, na mtu akiumia, nani analipa hospitali. Jambo hilo la mwisho linaandikwa kwanza, mbele ya faida.

SIKU YA FETI

Kasiksi na usukani havikai pamoja. Huko Uholanzi abiria wanakunywa na mwendeshaji hanywi, na bado kelele ilifanya gari likatazwe. Kwa barabara ya milima, hata abiria aliyelewa ni hatari: anasimama, anacheza, uzito unahamia upande mmoja. Kinywaji kisubiri pale gari linapofika. Watoto wasipande pembeni ya shene, na mama mwenye kitambaa kirefu akae mbali na pinyo ao akifunge vizuri.

Kongo iko na sheria ya barabara, ile ya tarehe 30 Agosti 1978, na chombo kinachojaza nusu ya njia hakiwezi kutoka tu asubuhi moja bila mtu kujua. Katika eneo ambalo vita imekimbiza watu mara nyingi, kuna sababu kubwa kuliko sheria. Kundi la vijana kumi wenye kupiga kelele, juu ya chombo ambacho hakijaonekana, linaweza kueleweka vibaya na mwenye silaha. Shefu wa kijiji na wenye kuchunga usalama waambiwe siku chache mbele, njia ijulikane, na gari lirudi mbele ya jua kutua. Kama hali si nzuri, feti ifanyike kwenye uwanja wa mpira, na gari lizunguke hapo. Watu watacheka sawasawa.

Fundi wa kwanza wa chukudu alianza na kitu kidogo ambacho aliweza kukisimamisha. Marafiki wanaotaka kuanza leo wanaweza kufanya vile vile: gari la watu wanne, uwanja ulio sawa, freni mbili. Wakilitumia mwaka mzima bila mtu kuumia, watajua wenyewe kama kadre inaweza kuongezwa viti sita.